Pomboo Wangu na Ng'ombe wa Moiben

Kazi yangu ni kuchunguza jeni za pomboo, na ninaifanyia Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret, mahali ambapo bahari huonekana kwa televisheni tu. Pomboo wenyewe ni wale wadogo wenye uso bapa, wa bahari za baridi huko ng'ambo. Wenzangu wa huko huchukua vipande vya ngozi kutoka kwa waliokufa ufuoni, kisha hunitumia matokeo ya maabara. Mimi naangalia nani ana undugu na nani.

Siku moja tukinywa chai nilimweleza Baba, ambaye ni mfugaji, kwamba bahari moja inaweza kuwa na makundi mawili yanayofanana kabisa kwa macho lakini hayazaani. Nyavu zikimaliza moja, lile lingine halitakuja kujaza pengo. Ndiyo maana kila kundi linafaa kulindwa peke yake.

"Kumbe ni mambo ya mbegu!" akasema Baba, ameridhika kabisa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafua nguo, rafiki mmoja wa Baba kutoka Moiben akasimamisha pikapu langoni. Nyuma alikuwa amebeba ng'ombe anayetafuta dume, na kelele zake zilisikika mtaa mzima.

"Daktari, nimefika. Baba yako ameniambia wewe unapandisha mpaka samaki."

"Mzee, mimi sipandishi. Naangalia tu ukoo wao."

"Basi angalia wa huyu. Ndama wa mwisho alitoka dhaifu, nafikiri dume alikuwa ndugu yake."

"Sina vifaa, Mzee. Na pomboo si samaki. Huzaa na kunyonyesha."

"Kunyonyesha? Ako na maziwa?"

"Ndiyo. Mazito, yamejaa mafuta."

"Na hamkamui?"

Nikampigia simu daktari wa mifugo. Alipokuja na mbegu zake, mzee alimzuia mkono. "Ngoja. Daktari wa samaki aangalie kwanza."

Nikapangusa povu mikononi, nikauliza baba wa ng'ombe ni nani, nikasoma jina la dume lililoandikwa kwenye mrija wa mbegu. Hawakuwa na undugu. Nikatikisa kichwa kukubali, huku nimeshikilia mkia.

Ndama alizaliwa jike, mwenye nguvu, na sifa zote nikapewa mimi. Yule daktari wa mifugo tukikutana mjini huvuka barabara.