Ukurasa wa Pili wa Mzee

Nianze kwa kukiri, kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia kwa watu wasionitakia mema: ndiyo, mimi ndiye yule mkwe aliyewagawia waombolezaji wa Sigor daftari. Chekeni sasa mmalize, ndipo nisimulie, maana mkasa huu umezunguka kiwanda chetu cha chai kuliko trekta la majani, na kila anayeusimulia anaongeza sukari yake.

Mimi ni Mkisii, mke wangu Chebet ni Mkipsigis wa Sigor, na kwa wakwe zangu nilianza vibaya (tulikaa pamoja miaka minne kabla sijaenda kwao kubisha hodi na kujitambulisha, na jambo hilo shemeji zangu hulitafuna kila Krismasi kama mfupa). Kwa hiyo baba mkwe alipofariki, na kamati ya mazishi ikauliza Jumatatu ni nani atashughulikia programu, kile kijitabu cha ratiba na wasifu wa marehemu, nikaona nafasi ya kujisafisha imekuja yenyewe. Nikasimama mbele ya wazee nikasema niachieni mimi, kompyuta ni kitu kidogo. Ukweli ni kwamba katika maisha yangu nilikuwa nimewahi kufunga printa moja, na ilikuja na maelekezo ya picha.

Kazi yenyewe wala haikuwa kubwa. Mama mkwe hajui kuandika, basi kuanzia siku hiyo hadi Jumatano akawa anaketi na Mama Faith, katibu wa kanisa, akimweleza maisha ya mzee tangu alipokuwa anachunga ndama, na Mama Faith anayaandika kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa. Nakala nyingine haikuwepo popote. Mimi nilitakiwa kuweka picha na nyimbo, kuchapisha, basi. Mazishi yalikuwa Ijumaa, na Alhamisi asubuhi nikaingia ofisini nimechomekea shati.

Nikaikuta kompyuta, boksi kubwa la zamani, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha maua cha kuweka kwenye viti vya sebuleni. Nikamdharau Mama Faith palepale, kimoyomoyo. Akatoa kitambaa, akaiwasha, akasogea kusoma maneno kwenye skrini.

“Hii huanza pole pole, Baba Brian,” akaniambia. “Mimi huiwasha naenda jikoni nakunywa chai, nikirudi naipata iko tayari. Na leo imeandika inajitengeneza, isizimwe. Kwa hivyo usiiguse. Kuja tukunywe chai.”

Nikamwambia atangulie. Nikabaki naangalia kile kiduara kinachozunguka. Dakika tano, dakika kumi, kinazunguka tu, na maneno yako palepale kwamba isizimwe, na mimi kusoma najua. Shemeji yangu Kiprono akapiga simu kuuliza tumefika wapi, nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi kwamba tunamalizia. Sasa ningewezaje kumalizia kitu ambacho hakijaanza? Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikakibonyeza kile kitufe cha kuwasha, nikakishikilia mpaka taa ikazima.

(Msiniletee methali za haraka na baraka, nazijua zote. Na mnajua kazi yangu ni nini? Mimi ni msimamizi wa sehemu ya kunyausha majani. Majani yakitoka shambani yanalazwa saa nyingi yapulizwe hewa, yalegee, ndipo yasagwe, na ukiyaharakisha chai yote imeharibika. Nimewahi kumtoa mtu kwenye zamu kwa sababu hakuweza kungoja. Mimi huyuhuyu.)

Nikaiwasha upya, ikawa mbaya zaidi. Nikaizima tena, nikaiwasha, nikaizima, na mara ya tatu skrini ikageuka buluu ikaniletea orodha ya mambo ya kuchagua. Mtu mwenye akili angemwita Mama Faith, jikoni kwenyewe ni hatua ishirini. Mimi nikachagua lile lililosema mashine itarudi kama mpya na vilivyomo vitaondolewa, nikidhani vinavyoondolewa ni uchafu uleule unaoichelewesha. Ikaniuliza kama nina uhakika. Mimi huwa na uhakika na kila kitu, hiyo ndiyo shida yangu.

Ilipomaliza ilikuwa saa tisa alasiri, na iliwaka haraka sana, hilo lazima nilitaje. Ilikuwa safi kama siku ya kununuliwa. Barua za kanisa hakuna, orodha ya ubatizo hakuna, mzee hakuna.

Mama Faith, ambaye kila alipochungulia nilimwambia bado inajitengeneza, hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alikikunja kile kitambaa mara nne, akakiweka kwenye droo, akasema, “Mimi sitamwambia mama. Utamwambia wewe mwenyewe, leo, bado kuna wakati wa kuandika tena.”

Nikaenda nyumbani kwa wakwe kweli. Nikamkuta mama mkwe ameketi na akina mama wanamenya viazi vya wageni, macho yamemvimba kwa kulia. Akaniuliza, “Imetoka vizuri, baba?” Nikaangalia zile ndoo za viazi, nikaona shemeji zangu wamesimama pale wananisikiliza, nikasema, “Imetoka vizuri sana, mama.” Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo nasikia haya mwilini.

Nikakimbilia saiba ya pale sokoni, duka la kompyuta za kulipia. Nilikuwa na picha ya mzee kwenye simu, nikaiweka mbele, nyimbo nikaziweka nyuma, na ukurasa wa pili, wa wasifu, nikakosa cha kuweka, kwa sababu maisha ya mzee mimi niliyajua kuanzia mwaka nilipobisha hodi. Basi nikachora mistari ukurasa mzima na juu yake nikaandika, kwa herufi za kupinda: Nafasi ya Kumbukumbu Zako. Tena nikajipongeza, nikaona ni ubunifu.

Ijumaa watu walijaa, hata wenzangu wa kiwandani walikodi gari kutoka Kericho kuja kunifariji. Programu zikagawiwa. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza akasema tufungue ukurasa wa pili tusome wasifu wa marehemu. Uwanja mzima ukafungua kwa pamoja, nikausikia ule mlio wa karatasi. Mwongozaji akageuza nyuma, akageuza mbele, akainua miwani.

“Shemeji,” Kiprono akauliza, na sauti yake ilifika mpaka kwa wapishi, “hii ni daftari? Tumeletwa shule?”

Kicheko kilianza kwa vijana nyuma, kikasogea mbele, na kwenye mazishi mtu akianza kucheka kujizuia ni kazi. Mama mkwe akamuuliza Mama Faith, Mama Faith akanitazama mimi kisha akamnong’oneza habari za kompyuta, na mama akaelewa. Akainuka, akaomba kipaza sauti. Akaeleza maisha yote ya mzee kwa kichwa, mwaka kwa mwaka, na alieleza kwa Kikipsigis, mpaka alipofika mwisho akageukia Kiswahili, makusudi, wageni wangu wasikie.

“Mzee alikuwa mtu ya kungoja,” akasema. “Huyu mkwe yetu, mzee alimngoja miaka minne akuje kubisha hodi, na hakusema neno. Yeye kungoja kompyuta tukunywe chai, ikamshinda.”

Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Wenzangu wa kiwandani walisubiri mpaka wakafika kwenye gari ndipo wakacheka. Tangu siku hiyo kazini naitwa Kitufe, na kompyuta ya ofisi ikiwashwa kuna mtu hunishika mkono kwa upole na kunitoa nje. Naenda bila kubisha. Nimeapa sitagusa kitufe cha mashine yoyote ambayo mwenyewe amesema ingojwe.

Lile boksi nililipeleka kwa fundi mjini Kericho, akahangaika nalo mwezi mzima akarudisha sehemu ya vilivyopotea, na wasifu ukawemo. Niliusoma pale dukani kwake nimesimama. Yote aliyosema mama yamo, ndama, shule, kisima alichochimba, kwa mpangilio uleule, maana siku ya mazishi Chebet alikuwa amenitafsiria neno kwa neno. Sentensi moja tu ndiyo mama aliyoiruka mbele ya watu, ile ya mwisho: “Mzee alikuwa anasema, mkwe wetu wa Kisii alichelewa kuja, lakini ni mtu wa subira, kazi yake ni kungoja majani.”