Dua Nyuma ya Simu

Binti yangu anafanya kazi za ndani Uarabuni. Tajiri wake humnyang'anya simu, humrudishia Ijumaa tu, baada ya swala, wenye nyumba wakijilaza. Hapo hunipigia kwa mtandao, mara moja, basi. Ijumaa tatu zilikuwa zimepita kimya. Nilizihesabu kwa vidole, nikazirudia kwenye kalenda. Tatu.

Simu yangu, pamoja na kisahani cha kuchajia bila waya, alinitumia yeye. Kila nilipokwenda kulala niliilaza juu ya kisahani mpaka alfajiri, na kava lake nene. Ndani ya kava nilikuwa nimetia dua ya kumkinga mwanangu, nimeizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara isilowe jasho. Asubuhi simu ilikuwa ya moto kama chapati. Nikajua imeshiba.

Ijumaa ya nne, adhana ya adhuhuri ikilia, chaji ilisoma asilimia themanini. Nilipotoa salamu kwenye swala, ilisoma kumi na mbili. Nikiwa nakunja msala ikazima, kioo kimeinuka pembeni.

Nilifika kwa fundi, pale Magongo, buibui kombo, simu na kisahani chake mkononi. Ndiyo kwanza alikuwa anarudi msikitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hiyo shikamoo isiingie kwenye bei."

Akaifungua. Betri imefura kama hamri kwenye mafuta. Akaishika ile karatasi kwa kikoleo, akainusa.

"Mama, humu ulikuwa unapika nini?"

"Dua."

"Basi wallahi imeiva. Kisahani hiki kinapasha moto chochote cha bati, na karatasi hii ya sigara ni bati. Betri imejaa pomoni usiku kucha, na mgongoni umeiwekea jiko. Ingepona vipi?"

Betri mpya hakuwa nayo. Ingetoka madukani, mjini kisiwani, kesho yake. Ila angeweza kuiunganisha simu kwa nyaya na mashine yake ya umeme ya mezani, iwake bila betri, almuradi nikae pale pale. Akataja bei.

Nikamwambia apunguze. Akapunguza. Nikamwambia mimi si mgeni wa mji huu, nikaanza kumtajia mafundi wa Changamwe nzima.

"Mamangu, wewe utabishana hata na mchimba kaburi."

"Nilishabishana naye. Alipunguza."

Akacheka, akapunguza tena. Nilichookoa sikikumbuki.

Simu ikawaka. Binti yangu alikuwa amepiga saa saba na dakika thelathini na nne. Akapiga tena thelathini na saba. Nikaitazama saa ya ukutani, nikahesabu kurudi nyuma, nikahesabu tena. Dakika hizo nilikuwa hapo hapo kwenye benchi la fundi, napigania punguzo.

Chini yake ameandika: "Mama hupokei. Wananihamishia nyumba nyingine sasa hivi, sijui wapi. Simu inabaki hapa."

Nikapiga. Ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe. Nikapiga tena, ikakatwa.

"Kuna mtu anayo mkononi," fundi akasema taratibu.

Nilipiga mpaka adhana ya alasiri. Fundi akasimama, akachukua kofia yake na kufuli la mlango. Akaziangalia zile nyaya, akaniangalia mimi, akaliweka kufuli mezani.

"Nakwenda kuswali narudi. Usiiguse mashine, mama. Wewe piga tu."

Nikapiga. Ikapokelewa. Mwanamke akasema "na'am", na mimi Kiarabu nijuacho ni cha kuswalia. Nikalitaja jina la mwanangu. Nikalitaja tena.

Akakata.