Resini Chini ya Bunduki ya Baba Mkwe

Nianze na ukweli: hapa Likasi hakuna mtu anayejua resini kunishinda, ile gundi ya maji inayokorogwa ikaganda ngumu kama jiwe. Shule niliiacha darasa la nne, lakini mikono yangu imesoma mpaka mbali. Nilianza kibarua kiwandani, Shituru, kwenye mabeseni makubwa ambamo shaba hulala ndani ya asidi. Nilikuwa naziba nyufa zake kwa resini. Leo niko na karakana yangu, nyumba ya vyumba sita, na matangi ya maji ya nusu ya mji yamepita chini ya mikono hii. Wenye diploma wananiita Patron, yaani bosi. Nawaitika.

Ndiyo maana mwanzo wa kiangazi kimoja, si zamani sana, baba mkwe aliniletea bunduki yake. Kwao mkwe hapokei kitu mkononi mwa baba wa mke wake. Mzee aliilaza juu ya kiti, akarudi nyuma hatua mbili, nami nikaichukua pale kitini.

Ilikuwa bunduki ya kuwindia, ya zamani, yenye karatasi zake zote za ruhusa. Mzee alikuwa karani wa reli, na kila kiangazi aliingia porini upande wa Lufira. Lakini mwaka ule alikosa swala aliyesimama karibu kama ng'ombe wa nyumbani, kisha akakosa mwingine, na watoto wake wakaanza kusema.

"Papa, macho yako imekwisha," alisema mtoto wake mkubwa, shemeji yangu, aliyekuja naye siku ile. "Tuchukue bunduki mbele haujapiga muntu."

"Macho yangu iko muzima. Ni bunduki njo inaharibika." Mzee akanigeukia. "Mukwe, weye unasemaka unajua kila kitu. Tengeneza. Kama nikikosa tena, nitawaachia."

Aliyasema kwa sauti nyepesi, lakini niliona vidole vyake vikisugua ukingo wa kile kiti. Kumnyang'anya bunduki kulikuwa kumwambia akae barazani angoje kufa.

Nilikata ukanda wa karatasi ya daftari, nikaupitisha kati ya mtutu na mti unaoubeba. Mtutu unatakiwa uelee peke yake, usiguse kitu. Karatasi iliteleza vizuri, kisha ikagoma upande wa kushoto. Mti ulikuwa umevimba kwa mvua, ukausukuma mtutu pembeni. Na chini ya chuma cha kati, pale risasi inapokaa, palikuwa na nafasi. Chuma kilicheza kama jino la mtoto. Basi mzee alikuwa amesema kweli! Nilicheka peke yangu.

Kwa siku mbili nilikwangua mti taratibu, vumbi lake likinukia kama chai iliyokolea. Kisha nikakoroga resini ya kumwaga chini ya chuma, ili kikae kama mguu ndani ya alama yake yenyewe kwenye matope. Ili isishike chuma, nilikipaka nta nyekundu, ile mke wangu anayong'arishia sakafu. Nikafunga skrubu, nikakaa.

Napenda saa hiyo kuliko zote. Resini inapata joto yenyewe, kama mtu mwenye homa. Moshi wa majani yanayochomwa ulikuwa umeshuka juu ya mji, na jua limekuwa jekundu, la kutazamika bila kukunja uso. Niliweka kiganja juu ya mti ule wa joto nikamwona mzee akiwa kijana, anatembea ndani ya majani marefu, na majani yanafunguka mbele yake bila sauti. Sijui nilikaa muda gani. Mke wangu anasema niliitwa kula mara tatu.

Kesho yake bunduki haikuachana na mti.

Nilitoa skrubu, nikavuta, nikagonga. Wapi. Kumbe chini ya chuma kuna kijino kinachopokea kishindo cha risasi, na pale mbele yake sikupaka nta. Kwenye mabeseni hatupaki nta kamwe. Tunataka resini ishike mpaka mwisho wa dunia. Miaka yote mikono yangu ilifundishwa kushikisha. Kuachisha haikufundishwa.

"Umegandisha bunduki ya papa?" mke wangu aliuliza, mkono kiunoni.

"Haijaganda. Inapumzika."

"Patron, bunduki haipumzikake. Leta hapa. Sufuria ikishikana na kifuniko, minye naitiaka mu barafu. Chuma kinajikunja, kinaachia."

Yeye anauza samaki wa barafu, na sanduku lake la baridi ni refu kama jeneza. Tulichomoa kulasi, lile komeo la kufungia risasi, tukaifunga bunduki kwenye plastiki, tukailaza kati ya samaki.

"Na kama kiriya akiuliza hii samaki murefu ni ya wapi?" nikamwuliza, maana wateja wake wanapenda kuchungulia.

"Nitamwambia ni bwana yangu aliivua."

Watu wengi nimewaambia wazo lile lilikuwa langu. Hapa naandika: lilikuwa lake. Tulipoitoa ilikuwa nyeupe kwa umande. Nikaigonga kwa nyundo ya mpira, ikasema *tak*, ikaachana. Ndani resini iling'aa kama maji yaliyosimama, na kila mstari wa chuma ulionekana humo.

Nilikwenda peke yangu kuijaribu, barabara ya Koni, kwenye shamba lililoachwa. Nilisimamisha ubao kwa vijiti viwili mbele ya kichuguu kikubwa, nikapiga risasi tatu. Matundu matatu yangefunikwa na kifuniko kimoja cha chupa. Nikakaa kwenye majani, na mlio ukaendelea kuzunguka vilima kama haukujua pa kulala.

Jumamosi nikawapeleka mzee na shemeji mahali palepale. Mzee alilala chini kwa ustadi wa zamani, akapumua, akapiga. Risasi ya kwanza ilirusha vumbi chini ya kichuguu. Ya pili ilikwaruza ukingo wa ubao. Ya tatu hatukuiona mpaka leo.

Shemeji akavuta shati lake vizuri.

"Piga weye, shemeji," akaniambia. "Tujue ni bunduki ao ni macho."

Nilijilaza, shavu kwenye mti. Ubao ulikuwa wazi kabisa, ungefikiri unanijia. Mbele ya watu mimi sijawahi kufanya kazi mbaya, hata siku moja. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. Nikasogeza mtutu mpaka kwenye kijiti cha kulia, nikapiga. Nikausogeza tena, nikapiga. Ya tatu niliipeleka juu.

"Kazi yangu haijaisha," nikasema nikijipangusa. "Resini ya chini ingali laini. Nilikimbilia kumaliza."

Shemeji alicheka mpaka akashika magoti. "Patron wa maresini! Na ile mudomo yote!"

Kufika Jumatatu, mji mzima ulikuwa unajua. Mtu mmoja alikuja kuchukua tangi lake, akauliza kama limekauka kweli. Niliimeza dharau hiyo. Shemeji ana diploma mbili lakini vitabu hasomi, ndiyo maana naandika haya bila wasiwasi: bunduki ile inapiga kuliko zote za hapa Likasi.

Iko kwangu, imefungiwa, bila risasi. Kila Jumamosi mzee anakuja karakanani kukagua. Natoa skrubu, naulaza mti wake juu ya meza, naye anapitisha kidole polepole ndani ya resini, mpaka mwisho, bila kuitazama.

"Imekauka?" anauliza.

"Bado kidogo, papa."

"Muzuri. Usikimbilie." Anakaa, ananyoosha miguu juani. "Kulikuwaka na nyati moja, kule ng'ambo ya Lufira. Weye ulikuwa haujazaliwa..."

Nazima mashine, nasikiliza.