Uyoga wa Mvua za Kwanza

Mwaka jana nilirudi Bukene kumwona rafiki yangu tuliyesoma pamoja, sasa ni mwalimu wa sekondari. Vipindi vikiisha, huwakusanya wanafunzi wazungumze juu ya mabadiliko ya tabianchi. Hawakariri kitu; wanaulizana maswali magumu, kisha wanayatungia michezo ya kuigiza. Aliniomba niwasimulie msitu wa utotoni mwetu na uyoga wake. Nikasimulia kwa mbwembwe, mpaka binti mmoja akanyoosha mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi huo uyoga sijawahi kuula. Sasa nimepoteza nini?"

Darasa zima likanitazama. 

Ningemjibuje? Enzi zetu, mvua ya kwanza ikishanyesha, asubuhi bibi yangu alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni, anatugongea mlango. Tulitoka pekupeku, udongo umelainika, harufu yake inakuingia mpaka kooni. Miombo ilisongamana nyuma ya nyumba hadi relini; treni ya Mwanza uliisikia tu, hukuiona. Bibi alitembea ameinama, akifukua majani kwa kijiti, na akiuona uyoga alipiga kigelegele kana kwamba kuna mtoto kazaliwa. "Taratibu," alituambia, "msiung'oe kama mnagombana nao." Mwingine ulikuwa mpana kama sahani. Tuliupika kwa karanga za kutwanga, tukaulia ugali wa mtama, na jirani aliponusa tu alikuja na bakuli lake.

Kisha miti ikaanza kwenda. Mingine iliishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, mingine ikawa mkaa. Baba yangu mwenyewe alikata, maana tumbaku ndiyo iliyotusomesha. Mvua nazo zikawa hazieleweki: zinachelewa, zikija zinapiga kwa hasira siku moja, halafu jua tupu.

Nilikuwa darasa la saba bibi alipochukua kikapu kwa mara ya mwisho. Nikamfuata. Tulizunguka kwenye visiki mpaka jua likawa kali; hatukuokota hata mmoja. Akasimama, akatazama huku na huku.

"Mjukuu wangu, hapa ni wapi?"

Nilidhani ananitania. "Si hapa nyuma ya nyumba, bibi?"

Akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata siku tulipomzika babu. Nilimshika mkono nikamrudisha nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma. Mvua zilizofuata hazikumkuta.

Hayo nayo niliwasimulia. Yule binti akafuta macho, akasema yeye ndiye atakayemwigiza bibi. Wenzake wakasimama kuwa miti, wakiniuliza ilikuwa minene kiasi gani, ilikaribiana vipi. Nikawapanga mmoja mmoja. Binti akapita katikati yao ameinama, akaokota uyoga wake wa kuigiza, akanigeukia.

"Mama, kwa Kinyamwezi bibi aliuitaje huu?"

Nikafungua kinywa. Kila uyoga ulikuwa na jina lake, na tukikosea bibi alitusahihisha hadi litutoke sawasawa. Nilitafuta hata jina moja. Nilimtazama mwalimu, tuliyekuwa tukiokota pamoja, akatikisa kichwa. Wa kumpigia simu kumuuliza hayupo, wazee wetu wote wameshazikwa.

Binti alisubiri kwa adabu, kiganja amekikunjua.

"Hapo pa jina nyamaza tu, mwanangu," nikamwambia. "Usiseme neno."