Aliyefua ovaroli ya fundi wa ndege

Saa nane mchana, mvua bado inasitasita juu ya vilima vya Nyaramba, na Celestine Nyanchoka anafuta vumbi kwenye propela ya ndege kwa kitambaa kikavu. Anafuta polepole, kwa ncha za vidole, kama mama anayempangusa mtoto aliyelala. Ndoo ya maji ameiacha nje ya mlango. Humu ndani maji ni marufuku, na aliyeyapiga marufuku ndiye anayesubiriwa leo.

Chumba chenyewe ni darasa la mwisho katika Shule ya Upili ya Rionsongo, Kaunti ya Nyamira. Wanafunzi wanakiita makumbusho. Kuna gurudumu la ndege, kiti cha rubani kilichochanika, kipimo cha kimo ambacho mshale wake uligoma zamani, na picha za roketi zilizokuwa zikirushwa kutoka baharini, karibu na Malindi. Mezani kuna mwezi uliochongwa kwa jiwe laini la sabuni kutoka Tabaka, na mashimo yake yamelainika kwa vidole vya wanafunzi. Ukutani inaning'inia ovaroli ya buluu, safi, imepigwa pasi mpaka mikononi.

"Hiyo ni aibu yangu," anasema Nyanchoka, kisha anacheka. "Lakini wageni wakiingia, hiyo ndio wanauliza kwanza."

Nyanchoka, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, huchuma majani chai asubuhi na kuja shuleni mchana. Aliajiriwa kufagia. Habari za ndege alizikuta humu, zikamwingia hivi kwamba hata leo ukimpa nafasi hanyamazi.

Vitu vyote ni vya Mzee Jethro Ogoti, aliyekuwa fundi wa ndege jijini Nairobi mpaka akastaafu. Wenzake walirudi nyumbani na mabati ya kuezekea. Yeye alishuka na lori la vyuma, na mkewe akakaa siku kadhaa bila kumsemesha. Hatimaye vyuma vikahamia shuleni, na nyumba ikapata amani.

"Watoto wetu wanaona ndege ikipita juu tu," anasema mzee. "Nilitaka waishike."

Nyanchoka alikuwa mgeni kazini aliposikia kwamba wakubwa wa kaunti wanakuja kufungua makumbusho hayo. Akaangalia ukutani, akaona ovaroli imejaa mafuta meusi kuanzia kwenye ukosi hadi magotini. Moyo ukampasuka.

"Kwetu hapa, mgeni akikuta nguo ya mzee iko hivyo, hacheki mzee," anaeleza. "Anacheka wanawake wa hiyo boma. Nikasema yaya, hapana, siwezi kubali."

Akaibeba hadi mtoni. Akaimalizia sabuni ya kipande, akaongeza jivu, akaipigapiga juu ya jiwe mpaka mabega yakamwasha. Akaianika juu ya michai, akaipiga pasi ya makaa, akairudisha ukutani na kusimama kando akingoja sifa.

Mzee Jethro aliingia na wageni, akaitazama, akatoka nje, akakaa kwenye nyasi. Kila doa katika nguo ile alikuwa akilijua: hili la ndege iliyopeleka dawa kaskazini, lile la injini iliyomlaza kazini Krismasi. Madoa hayo ndiyo aliyotaka wageni wayaone.

"Aliniambia, 'Mama Gentrix, umefua kazi yangu yote,'" anakumbuka Nyanchoka, ambaye mzee humwita kwa jina la mwanawe. "Hakupiga kelele. Afadhali angepiga."

Tangu siku hiyo, maji hayajavuka kizingiti.

Sasa mambo yamegeuka. Mwaka huu shule imepokea wanafunzi wa Gredi ya Kumi zaidi ya mia mbili, na madarasa hayatoshi. Mwalimu mkuu, Margret Odero, hazungushi maneno.

"Mimi mwenyewe nakipenda hicho chumba," anasema. "Lakini siwezi kuweka watoto nje kwa jua na gurudumu liko darasani."

Shule ikifungwa mwezi wa nne, kila kitu kitahamishiwa stoo, na paa la stoo linavuja. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshafika na pikipiki yake kuulizia propela. Nyanchoka hafichi hofu yake. Anajua vitu hivi vikiingia stoo havitatoka tena vikiwa vizima, na Mzee Jethro ataishi kuona hayo.

Wazo lilimjia akiwa kwenye kituo cha kununulia majani chai, pale wakulima wanapopima majani na kungoja lori la kiwanda.

"Lori inachelewa kila siku," anasema. "Tunakaa tu tukiongea mambo ya watu. Siku moja nikaangalia huo ukuta, nikaona uko bure."

Akamwendea mwenyekiti wa kituo, Walter Omosa, kuomba makumbusho yahamie hapo, naye akakubali haraka kuliko alivyotarajia. Kisha akatoa sharti lake.

"Majani chai yanashika harufu," anasema Omosa. "Ukiyaweka karibu na grisi, kiwanda kinarudisha mzigo wote. Kitu cha mafuta hakiingii hapa, hata kiwe kimetoka mwezini."

Omosa alikuja shuleni mwenyewe, akapita akinusa kitu kimoja baada ya kingine mithili ya mpishi aliyeshuku nyama. Gurudumu alilikataa. Kiti alikikataa. Propela aliinusa mara moja tu, akarudi nyuma. Picha zilipita, mwezi wa jiwe ukapita. Alipofika kwenye ovaroli, alizamisha pua kwenye ukosi, akanyanyua kichwa.

"Hii haina neno," akasema. "Nani alifua?"

Nyanchoka anasema hapo hakujua acheke au alie. Kosa lake ndilo lililokuwa limepita mtihani. Lakini vilivyobaki vingepita tu vikioshwa vivyo hivyo, na ruhusa ilikuwa kwa mtu mmoja.

"Nilienda kwake, nikaongea mambo ya mvua, nikarudi," anasimulia. "Nikaenda tena, nikaongea mambo ya ng'ombe. Nilipoenda tena nikasema yote bila kupumua."

Mzee Jethro alimaliza chai yake kwanza. Kisha akauliza ovaroli itaning'inizwa wapi. Nyanchoka akamjibu: mbele, karibu na mizani, ambapo kila mkulima lazima apite. Mzee akasema atakuja shuleni kuviangalia vitu vyake kwanza. Ndiyo maana leo propela inafutwa vumbi mara ya pili.

"Natamani muhula ujao, mama akileta majani na mtoto wake, huyo mtoto ashike hii kitu akingoja lori," anasema Nyanchoka. "Na mimi nikae pale nimweleze. Hata bila kulipwa, nitaeleza."

Fimbo ya kutembelea inasikika barazani. Mzee Jethro anaingia, anaitikia salamu, hataki kiti. Anaisogelea propela na kupitisha kiganja juu yake hadi kitovuni, pale katikati mapanga yanapokutana, ambako bado kuna grisi nyeusi. Nyanchoka amekunja kitambaa chake mpaka kimekuwa fundo.

"Tata, baba yangu, ukikataa sitakasirika," anamwambia.

Mzee anatoa leso nyeupe mfukoni, anaizungusha kitovuni, anaitoa ikiwa nyeusi. Anainusa. Kisha anaikunja vizuri, pembe kwa pembe, na kuirudisha mfukoni, upande wa moyo.

"Hii msiguse," anasema, akiugonga mfuko. "Hiyo nyingine iliyobaki, leta maji uoshe."

Nyanchoka anaitazama ndoo nje ya mlango, kisha anamtazama mzee.

"Leta maji, Mama Gentrix. Lakini propela usipige pasi."

Nyanchoka anacheka mpaka machozi yanamtoka, anayafuta kwa kile kitambaa chenye vumbi, kisha anatoka kuichukua ndoo.