Shikamoo ya Mama Shamila

Mdogo wangu Halfani haambiliki, lakini akilalamikiwa anakosa hata hamu ya kula. Ndivyo alivyo tangu utoto, na ndiyo maana nilimwonya asijitie kwenye kazi ya kutengeneza programu za simu, kazi ambayo malalamiko yake hayaishi. Hakunisikia. Alikodi chumba pale Masasi mjini, akatengeneza programu ya kuwasaidia wenye nyumba za kupangisha, akaiita Kaya. Mimi akaniweka kwenye simu, nipokee matusi kwa niaba yake.

Kaya inafanya mengi, lakini kubwa ni kupeleka ujumbe. Mwenye nyumba akitaka kusema kwamba kesho fundi anakuja kuziba paa, au kisima kinasafishwa, programu inawaandikia wapangaji wote kwa jina lake. Mwanzoni ilisema bila kupepesa: "Mpangaji chumba namba nne, usichote maji kesho." Wateja wakatujia juu. Kutoka Nanganga mpaka Mkunya neno lilikuwa moja: programu yenu haina adabu, inaongea na watu wazima kama mgambo wa sokoni.

Mwingine angejibu kwamba hiyo ni mashine tu. Halfani aliona aibu kama vile ni yeye aliyepita mbele ya wazee bila kusalimia. Akaiongezea salamu. Mpangaji akiandikishwa, mwaka wake wa kuzaliwa unachukuliwa kwenye kitambulisho. Aliyemzidi umri mwenye nyumba anapata shikamoo, aliye mdogo anapata hujambo. Nilimsifu, na mimi si mwepesi wa kusifu. Simu zikapoa.

Kisha akapiga simu Mama Shamila wa Newala, mteja wetu wa kwanza kabisa. Mama huyu ana nyumba yenye uani mpana na kisima cha maji ya mvua, aliyoachiwa na marehemu mumewe, Mujibu. Katika chumba cha uani anaishi Mzee Nikolao, mjane aliyekuwa mkubwa wa kazi wa Mujibu kwenye ghala la korosho. Mujibu alimwita kaka mpaka anaingia kaburini, na kisima kile walikichimba wao wawili.

"Siti," aliniambia, na sauti haikuwa yake, "shemeji yangu anafunga mizigo. Anahamia kwa binti yake Chidya. Akiondoka yeye, hapa habaki mtu aliyemjua mume wangu."

Ujumbe uliomfikia Mzee Nikolao kwa jina la mama huyu ulianza hivi: "Hujambo, Nikolao."

Halfani alifunga kompyuta. Ugomvi wa watu wazima haumalizwi kwa simu, akasema, na siku hiyohiyo tukapanda Newala. Mkononi alibeba mihogo kutoka shamba la mama yetu, maana kwenda kuomba radhi mikono mitupu hawezi. Nilimwambia huko tunakokwenda mihogo ndiyo imejaa. Haambiliki, nimeshasema.

Tulikuta godoro limekunjwa na kufungwa kamba mlangoni pa Mzee Nikolao, mwenyewe kakaa juu yake. Mama Shamila alikuwa upande wa pili wa uani, jiko lake limepoa. Tuliwaamkia wote, wakaitikia, lakini wao kwa wao hawakutazamana.

"Umetuletea mihogo Newala," Mzee Nikolao alimwambia Halfani. "Ile ya kwanza mliniita chumba namba nne, nikanyamaza. Sasa ni hujambo. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa."

"Kosa ni langu, mzee wangu," Halfani alisema. "Mama hakuandika neno lile. Programu imetazama miaka kwenye vitambulisho vyenu. Mama Shamila amekuzidi miaka miwili."

Nilitamani nimkanyage mguu, lakini nilikaa mbali. Mzee Nikolao aligeuka polepole.

"Ina maana miaka yote hii namwitikia marahaba mkubwa wangu? Shemeji, ulikuwa unajua?"

"Tangu siku niliyoolewa," Mama Shamila alisema. "Marehemu alikuita kaka. Mimi ningekuamkia vipi vingine?"

"Basi kuanzia leo nikuamkie mimi. Haki ni haki."

"Usithubutu." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Kila asubuhi nikikuamkia, najiona bado mke wa Mujibu. Ukiniondolea hiyo, nitakuwa mke wa nani?"

Mzee Nikolao aliinama akaanza kufungua kamba ya godoro, na kwa kuwa fundo lilikuwa gumu, Halfani akapiga magoti kumsaidia. Jioni tulikula mihogo yetu, na mzee akasema ya Newala ni mitamu zaidi.

Tulipofika Masasi, Halfani aliongeza kisanduku kidogo kwenye Kaya, kando ya jina la kila mpangaji: *Huyu nitamwambia mwenyewe.* Ukikigusa, programu haimwandikii mpangaji chochote. Inakukumbusha wewe uende ukapige hodi. Katika yote aliyoyatengeneza, hicho ndicho wateja wanachokisifu zaidi, na mimi nampenda mdogo wangu kwa ajili ya kisanduku hicho, ingawa sijamwambia.

Mama Shamila alikigusa kwa mtu mmoja tu. Siku ya kusafisha kisima simu yake inalia, naye anajitanda khanga, anavuka uani.

Bado anatupigia kulalamika. Juzi amesema Mzee Nikolao kachota maji wakati kisima kinasafishwa. Nikamuuliza kama alikwenda kumwambia.

"Nilikwenda," akasema. "Nikamwamkia, akaitikia, tukaongea habari za Mujibu. Ya maji nilisahau."