Shubiri Ilipokuwa Ndugu wa Lili

Enzi zetu mtaani Nyamirambo, hakuna mtoto aliyeamini jani kwa sura yake. La kitunguu tulilipuliza likawa tarumbeta, la mkonge tukalichuna nyuzi za kufungia mpira wa karatasi, na la shubiri tulilikwepa, maana kila mmoja wetu aliwahi kupakwa shubiri ili aache kunyonya kidole. Watoto wa siku hizi hulipiga jani picha, simu ikawatajia jina, wakaridhika. Sisi tulilivunja kwanza.

Ugonjwa huo tuliambukizwa na mwalimu wetu wa sayansi, mtu aliyekulia Bujumbura. Vifaa vyake vilikuwa wembe na lenzi moja yenye ufa. Alikuja na ua la lili lililobaki kanisani na kitunguu kilichochanua, akavichambua vyote viwili, petali tatu na tatu nyingine. Kisha alikata majani akatuonyesha mishipa ndani. Kwa vitabu vya wakati ule, lili, kitunguu na shubiri walikuwa ndugu. "Famiye moja," alisema kwa matamshi ya kwao, akimaanisha familia, "famiye ya riri." Tulicheka sana kusikia kitunguu kina undugu na ua la altare. Alituacha tucheke tushibe, ndipo akasema, "Ua ni nguo. Kata jani uone mwili."

Dada yangu Kezia aliyachukua maneno hayo kama amri. Alikata kila kilichoingia jikoni, dodo, yaani mchicha, vitunguu, hata majani ya kufungia jibini. Mama alikuwa akimwambia, "Kezia, hiyo ni mboga, si mgonjwa."

Mwaka huo Mama alipata nafasi kwenye chumba cha mafundi cherehani, barabarani. Sharti lilikuwa moja, asije na mtoto. Kitinda mimba wetu alikuwa bado ananyonya na uji hautaki. Jirani yetu, Mama Shakila, alikubali kushinda naye, ila aachishwe ziwa kwanza. Siku hiyohiyo akaja mwenyewe na jani la kumpaka Mama kwenye matiti. Mama Shakila alikulia Uganda, na kwake kila jani nene lenye miiba lilikuwa kigaji, jina la shubiri huko.

Kezia alilichukua, akalivunja, akalivuta polepole. Nyuzi zikatoka. Ulikuwa mkonge wa kwenye uzio.

"Mama, usipake. Hii iko na nyuzi. Igikakarubamba haina nyuzi," alisema, akiitaja shubiri kwa lugha ya nyumbani.

Mama Shakila aliuliza tangu lini mtoto wa shule anamfundisha mtu mzima kigaji. Mama akamkemea Kezia aombe radhi. Kezia hakuomba, alijisugua jani lile mkononi, akakaa chini kusubiri. Haukupita muda ngozi ikawa nyekundu na kuvimba. Nilimwonea fahari siku ile, na bado ninayo.

Shubiri ya kweli ilipatikana, mtoto akaacha ziwa kwa vilio vyake. Lakini Mama Shakila alikuwa ameaibishwa ndani ya nyumba ya watu, na mtoto. Mama alimpelekea sukari ya kuomba radhi. Sukari ilipokelewa, mtoto hakupokelewa. Nafasi ya cherehani haikuweza kungoja, kwa hiyo Mama akamwambia Kezia abaki nyumbani siku chache tu. Siku zile ziligeuka mwaka, darasa lake likaenda mbele, na hakuna aliyelitaja tena jambo la kurudi. Mimi niliyekuwa nyuma yake nikampita.

Leo nakata majani kwa mshahara. Familia ile ya lili imekwisha kuvunjwa, kitunguu kimepelekwa kwingine, shubiri kwingine, kwa ushahidi wa vinasaba ambao wembe hauwezi kuutoa. Vijana wa maabara yetu hutuma kipande cha jani kupimwa na kungoja majibu kwenye kompyuta, wakijipongeza kwa kahawa. Hawakosei, nakiri. Ila wapo ambao hawajawahi kunuka shubiri vidoleni, na hilo linanisikitisha kuliko inavyostahili.

Juzi Kezia aliteremka kutoka kwake kilimani Rebero kunitembelea kazini. Nilimkatia kipande chembamba, nikakipaka rangi, nikampisha kiti kwenye hadubini. Alitazama muda mrefu. Vijana waliingia wakatoka, yeye hakuinua kichwa. Mwishowe aliuliza kama kazi yenyewe ndiyo hii, kutazama ndani ya majani kutwa nzima. Nikamjibu kwamba ndiyo hii.

"Ningeiweza," akasema.

Nikamwambia najua.